Mikono ya Gauni la Naomi

Nakumbuka siku moja nilipotia mkasi kwenye gauni nililolishona mwenyewe, nikalichana mikono yote miwili mbele ya mama wa mtoto, naye akapiga yowe kama vile nimemchana mwanawe. Siku ya harusi yangu nimeisahau nusu, mwanangu. Hiyo sijaisahau hata kidogo. Sogeza kigoda hapa, chai ipo, na habari hii haitaki haraka.

Wakati huo nilikuwa msichana niliyetoka Machame kuja kutafuta riziki Arusha kwa cherehani. Nilipata pembe ya baraza pale Kijenge, mbele ya duka la vitambaa la Mzee Jagat. Alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe, mzaliwa wa mji huuhuu, na shughuli yake kubwa uzeeni ilikuwa kukaa mlangoni na kikombe cha chai, akitazama watu. Watoto wake ndio waliouza. Yeye alitazama.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa. Wewe umezaliwa ukaikuta mitumba, unadhani ilikuwepo tangu Adamu. Sisi tuliiona ikiingia. Kabla yake kitambaa kilikuwa cha kupangia foleni, na ukifika mbele hukuchagua rangi, ulichukua kilichobaki ukashukuru. Mara marobota yakaanza kufunguliwa sokoni, na mtu aliyekuwa na shati moja akawa na mashati matano. Kwa watu ilikuwa neema. Kwa sisi mafundi ilikuwa neema yenye miba. Nani atakaa kungoja nimshonee suruali, wakati suruali ya Ulaya inamngoja yeye sokoni? Kazi yangu ikawa kupunguza viuno na kufupisha miguu ya suruali za watu warefu nisiowajua. Nilikuwa nimejifunza kukata gauni zima kuanzia shingo, nikageuka daktari wa pindo. Nilikuwa na hasira, nakwambia kweli, na fundi mwenye hasira husikia kwa shida.

Basi akaja Mama Naomi. Alikuwa Mmeru wa Kikwe, mpishi katika shule moja ya wageni upande wa juu, kuelekea mlimani. Kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wao, bintiye alipokelewa kusoma palepale pamoja na watoto wa wageni. Siku hiyo alikuja na chana ya ndizi mshare kwenye kikapu, zawadi yangu kabla hata sijaikubali kazi, na nyuma yake alikuwepo Naomi mwenyewe, binti wa kidato cha kwanza, mwembamba, sweta la shule limefungwa vifungo vyote.

“Shikamoo, dada,” akaniambia.

“Marahaba, mdogo wangu.”

Mama yake alinieleza. Shule ilikuwa inaandaa sikukuu waliyoiita Gulio la Kale. Wanafunzi wangevaa kama watu wa Ulaya wa karne zilizopita, enzi ambazo huko kwao elimu na sanaa ziliamka upya. Wangepanga meza uwanjani kama gulio, wangeuza mikate na maua, wangepiga ngoma na filimbi, na baadhi yao wangesimama mbele ya wageni kueleza mavazi ya zamani yalivyokuwa.

“Wenzake wanaletewa nguo na ndege, fundi,” Mama Naomi akasema. “Huyu wangu hana wa kumletea. Na amechaguliwa kusimama mbele ya watu wote aeleze. Sitaki mtoto wangu achekwe. Umenisikia, mdogo wangu? Sitaki.”

Nikamwambia hatachekwa. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Gauni zima, tena la kimalkia! Niliona wageni wa mji mzima wakiuliza nani fundi.

Naomi akakunjua karatasi, picha aliyopewa na mwalimu wake. Ilikuwa ya bibi mmoja wa Kizungu aliyesimama wima kama mlingoti, kola pana shingoni, kiuno kimebanwa, sketi imevimba. Lakini mikono ya lile gauni ilinishangaza. Ilikuwa imepasuka mistari mistari kutoka begani hadi kwenye kiwiko, na ndani ya ile mipasuko palichungulia nguo nyeupe.

“Mbona hii imechanika?” nikauliza.

“Ndivyo ilivyo, dada,” Naomi akasema. “Watu wa wakati ule walikuwa…”

“Naomi!” Mama yake alimkata. “Unamfundisha fundi kazi?”

Mimi nikacheka. “Mdogo wangu, gauni la miaka mia nne na ushee, hata panya wa Ulaya nao wanakula. Usijali. Mimi nitalishona kama lilivyokuwa likiwa jipya.”

Tukacheka wote wawili, mimi na mama yake. Tuliona nimesema jambo la akili sana. Naomi akatazama vidole vyake vya miguu.

“Ndiyo, dada,” akasema.

Unajua tulivyolelewa, mwanangu. Mtoto aliyefundwa hamrudii mkubwa neno mara mbili. Anaweza kuona nyumba inaungua na akaishia kusema ndiyo, mama. Na fundi naye ana lake. Kwetu fundi akitoa nguo yenye mpasuko, hata wa ukucha, watu hawasemi nguo imechanika, wanasema fundi mbovu. Kwa hiyo hapo palikutana adabu ya mtoto na kiburi cha fundi, na gauni likapotea njia kabla sijashika mkasi.

Nilipotaka kumpima, akavua sweta, na chini yake alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kipaimara.

“Vua na hiyo,” nikamwambia. “Itanidanganya vipimo.”

“Naomba unipime nayo, dada. Nitaivaa kwa ndani.”

“Kwa sababu ya baridi?”

Akasita kidogo. “Ndiyo, dada. Baridi.”

Ilikuwa Juni. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wiki nzima na vidole vilikuwa vinagoma kushika sindano, kwa hiyo nikaamini.

Kitambaa tulikipata soko la Kwa Mrombo, kwa mama mmoja wa mitumba. Lilikuwa pazia la mahameli, jekundu kama damu ya mzee, limepauka upande mmoja ulioliwa na jua la dirisha nisilolijua. Nilikata kwa kuuzunguka ule upande uliopauka hadi usionekane. Kola niliifanya kwa pazia lingine, la wavu, nikalitia uji wa muhogo likasimama kama bati. Na ile sketi ya kuvimba, unajua niliivimbisha na nini? Zile kamba ngumu za plastiki zinazofungia marobota. Nilizipinda zikawa pete, pete kubwa chini, ndogo juu, nikazishonea kwenye sketi ya ndani. Wenzangu wa barazani walikuja kutazama, wakatikisa vichwa. Nikajisikia.

Ikabaki mikono. Niliikata mipana, kwa ajili ya lile gauni la ndani, nikaishona mizima, bila tundu hata la sindano. Kisha, ili pale penye mipasuko ya kwenye picha pasibaki patupu, nikachukua utepe wa dhahabu wa kupambia sari, alionipa Mzee Jagat, nikaupiga mistari kutoka begani hadi kiwikoni, mistari miwili miwili, imenyooka kama reli. Nilipoinua ule mkono juu kwenye mwanga, nilitamani yule bibi wa kwenye picha afufuke aone panya walichomharibia na mimi nilichomtengenezea.

Ijumaa, siku moja kabla ya sikukuu, wakaja kulichukua. Naomi akalivaa juu ya gauni lake jeupe, nyuma ya pazia la duka. Alipotoka, mama yake akapiga kigelegele hadi watu wa ng’ambo ya barabara wakasimama. Naomi alijitazama kwenye kioo. Akaishika mikono ile, akaipapasa juu hadi chini kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Halafu machozi yakamtoka.

“Mnaona?” Mama Naomi akasema. “Furaha hiyo.”

“Asante, dada,” Naomi akasema. “Ni zuri sana.”

Wakaondoka, gauni limekunjwa ndani ya shuka. Nami nikabaki nimevimba kuliko ile sketi.

Mzee Jagat akaweka kikombe chini.

“Eliaichi,” akaniita, “mtoto yule alikuwa analia nini?”

“Furaha, mzee.”

“Hapana. Mimi nimeoza mabinti, hii machozi ya furaha naijua. Ile haikuwa furaha.” Akanitazama. “Umempima bega, umempima kiuno, umempima mkono. Neno lake umelipima?”

“Neno gani, mzee? Mtoto anajua nini habari ya ushonaji?”

“Mimi sisemi ushonaji. Nauliza gauni anavaa nani, wewe?”

Akaendelea polepole, maana hakuwa mtu wa kupandisha sauti. “Nyinyi mna methali nzuri sana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watoto wangu nimewaimbia hiyo kila siku. Lakini sasa mimi nimezeeka, najiuliza. Mkuu asiyesikia la mdogo, yeye anavunjika nini?”

Nilikasirika, sikufichi. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu hadi uzi ukakatika, nikisema kimoyomoyo kwamba mzee huyu auze vitambaa vyake aniachie mikono yangu. Lakini neno likishaingia halitoki kwa kukanyaga cherehani. Nikaanza kumkumbuka Naomi alivyopapasa ile mikono. Nikamkumbuka akisema “walikuwa,” na sisi tukimcheka. Halafu nikakumbuka sweta. Mtoto alikuwa na sweta zito la shule, limefungwa hadi shingoni. Mtu mwenye sweta havai gauni la kipaimara kwa sababu ya baridi. Hapo mguu wangu ukasimama wenyewe.

Kesho yake nilikwenda kwenye hilo Gulio la Kale. Nilikuwa nimealikwa hata hivyo, lakini ndani ya mkoba wangu niliweka mkasi.

Nilimkuta Mama Naomi kwenye jiko la shule, anatoa mikate kwenye tanuri, uso unang’aa kwa moto na kwa fahari. Naomi alikuwa ameketi kwenye gunia la mchele, amevaa gauni lote, sketi imejaza nusu ya jiko, mikono yake ameilaza mapajani. Nje tulisikia filimbi na vicheko vya watoto.

Nikachuchumaa mbele yake. “Naomi, siku ile barazani ulianza kusema neno tukakukata. Lilikuwa linakwenda wapi lile neno?”

Akamtazama mama yake.

“Usimtazame mama. Niambie mimi.”

“Haikuchanika, dada. Walikuwa wanachana makusudi. Mtu akiwa na kitambaa cha thamani anakikata hivi, ili nguo nyeupe ya ndani itokeze ionekane. Ndiyo ilikuwa sifa yao.” Sauti ikaanza kumtetemeka. “Kila mmoja wetu amepewa sehemu yake ya kueleza. Mwingine kola, mwingine sketi. Mimi nimepewa mikono. Sasa nitasimama pale nioneshe nini? Watanicheka, dada. Watasema mtoto wa jikoni hajaelewa hata picha aliyopewa.”

Mwanangu, kuna aibu inayokuja na kelele, na kuna ile inayokaa tu kifuani kama ugali mbichi. Nilikuwa nimejipa kazi ya kumkinga mtoto asichekwe, na mimi ndiye niliyemkatia kuni za kumchomea. Nikatoa mkasi.

Hapo ndipo Mama Naomi alipopiga yowe.

“Fundi! Una wazimu? Weka huo mkasi chini!” Akaja akasimama katikati yetu, mikono imejaa unga. “Uchane nguo ya mwanangu, leo, mbele ya wageni?”

“Mama Naomi, ndivyo inavyotakiwa…”

“Mimi usiniambie ndivyo inavyotakiwa! Wewe unajua kuvaa matambara? Ile miaka ya shida, hakuna kitambaa, hakuna sabuni, mimi nilikwenda kanisani na kanga imechanika hapa ubavuni. Nina mimba ya huyuhuyu. Ibada nzima nimeshika upande mmoja hivi kwa mkono. Watu wanasimama kuimba, mimi nimekaa. Nikamwambia Mungu, mtoto huyu akizaliwa, hatasimama mbele za watu na nguo imechanika. Nilimwahidi Mungu, fundi. Na wewe unataka kuichana nzima!”

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilidhani alitaka gauni zuri tu, kumbe alikuwa analipa nadhiri. Mkasi ukawa mzito mkononi. Nikikata, namuumiza mama. Nisipokata, namuumiza mtoto. Na wote wawili walikuwa na haki.

Aliyetutoa pale hakuwa mimi. Naomi aliinuka kutoka kwenye gunia, na yule mtoto aliyekuwa akisema ndiyo, dada, ndiyo, mama, akamshika mama yake mikono yenye unga.

“Mama, naomba unisikilize mpaka mwisho. Kanga yako ilichanika kwa sababu hukuwa na nyingine. Hii tunaichana kwa sababu ninayo nyingine. Ndani nimevaa gauni la kipaimara ulilonihangaikia wewe. Nataka wote walione.”

Mkate mmoja ulianza kuungua tanurini na hakuna aliyeujali. Mwishowe mama yake akajifuta macho kwa kiwiko, akageukia ukutani.

“Haya, kata,” akasema. “Ila mimi siangalii.”

Nikakata. Nilipitisha mkasi katikati ya ile mistari miwili miwili ya utepe, na namshukuru Mungu kwa kiburi changu mahali hapo tu, maana ule utepe ulishika kingo zisifumuke. Mahameli ikikatwa hulia kwa sauti ndogo, na kila ilipolia mabega ya Mama Naomi yaliruka. Nilivuta jeupe la ndani kwa kidole, likatokeza kwenye kila mpasuko. Nilipomaliza, ule wekundu ulikuwa umechanua. Lilikuwa zuri kuliko nililolishona mimi, na nilijua hivyo palepale.

Tulisimama kwenye mlango wa jiko tukimtazama kwa mbali. Alipopanda jukwaani sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akainua mkono mmoja, akauzungusha taratibu ili watu waone, na sauti ikapata miguu. Alisema kwa Kiingereza, na wageni wakanyamaza wakamsikiliza, na hata watoto walioletewa nguo na ndege wakasogea karibu.

“Anasema nini?” Mama Naomi akaninong’oneza.

Kiingereza changu cha darasani kilinitosha hapo. “Anasema wenye mali wa zamani walikuwa wakichana nguo zao wenyewe, kuwaonesha watu kwamba ndani kuna kitu kizuri zaidi.”

Makofi yalipopigwa, mabega ya Mama Naomi yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Kumbe!” akasema. “Kumbe wakati ule wa viraka tulikuwa tunavaa kifalme, hatujui tu!”

Tukacheka hadi tukashikana. Lakini alipotulia alibaki anamtazama Naomi kule jukwaani, mtoto amesimama wima, mikono yake inang’aa nyekundu na nyeupe.

“Ila mimi siku ile kanisani ndani sikuwa na nguo nyingine,” akasema taratibu. Akaweka mkono ubavuni, pale alipokuwa ameishika kanga, kisha akaushusha tumboni. “Nilikuwa na yeye.”

Nikaushika mkono ule, tukamtazama Naomi hadi aliposhuka.

Niliporudi barazani Jumatatu nilimsimulia Mzee Jagat yote. Akanywa chai yake, akasema, “Basi mguu haukuvunjika,” na hakunitajia tena jambo lile. Wazee wa aina hiyo wamekwisha, au labda sisi ndio tumekuwa na kelele nyingi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukiwa mdogo, sema neno lako. Sema kwa adabu, chagua wakati, lakini ukikatwa usilimeze likuozee, maana mficha uchi hazai, na mkubwa hawezi kukusaidia kwa jambo usilomwambia. Na utakapokuwa mkubwa, maana utakuwa tu, hata kama leo huamini, utapewa watu wa kuwapima. Labda si kwa futi kama mimi. Labda ni wanafunzi, au wagonjwa, au watoto wako mwenyewe. Utakuwa na haraka, utakuwa na ujuzi, na utadhani ujuzi wako unatosha. Mwache aliye mbele yako amalize kusema. Ukiona amesema ndiyo huku anatazama chini, jua hajamaliza. Na ukigundua umekosea, usione haya kukata kazi yako mwenyewe mbele za watu. Kitambaa hupatikana kingine.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kufumua. Akupe mtu wa kulisubiri neno lako hadi mwisho wake, na siku zikigeuka, akufanye wewe uwe mtu huyo kwa mwingine. Kila utakaposimama mbele za watu, kiwepo kitu cheupe ndani yako cha kuwaonesha.

Haya, nipe hicho kikombe. Chai yako imepoa, na nimekuona tangu nilipoanza kusimulia una neno la kusema. Sema, nakusikiliza.